Herufi mbili kwenye maelezo ya mwanangu

Simu iliingia jioni. Aliyepiga alijitambulisha kuwa ni askari wa upelelezi, sauti ya upole kabisa: "Mama, kesho asubuhi mlete kijana kituoni. Ni maswali mawili matatu tu." Nilijua ni habari ya ile simu ya mwenzao iliyoporwa wakitoka shule, mwanangu akiwepo. Alikuwa na miaka 16. Usiku ule nilimwambia maneno ambayo hadi leo yananiuma: "Nenda ukaseme kweli yote. Asiye na kosa wakili wa nini?"

Niliambiwa nisubiri kwenye benchi la nje. Alikaa ndani asubuhi nzima, akatia saini kurasa tatu bila kuzisoma, maana alikuwa amechoka na kuambiwa akishasaini anaenda nyumbani. Hakwenda. Alilala mahabusu, na kesho yake akasomewa shitaka la wizi pamoja na vijana wengine wawili.

Nilimtoa kwa dhamana, kisha nikapoteza siku nne nyingine nikipiga hesabu za fedha kichwani. Dada yangu ndiye aliyenishtua kwamba kuna mawakili wa msaada wa kisheria, na kwamba kwa mtoto hiyo si hisani ya mtu. Kifungu cha 37 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 kinasema mtoto aliyenyimwa uhuru apate msaada wa kisheria haraka. Cha 40 kinakataza kumlazimisha mtoto kukiri kosa. Mimi na elimu yangu yote sikuwa nimewahi kusikia.

Swali la kwanza la wakili lilikuwa: "Ameshaandika maelezo?" Nikaitikia. Akaweka kalamu chini.

Tulipopata nakala, aliweka kidole kwenye mstari mmoja wa ukurasa wa pili: "tukachukua simu tukakimbia." Mwanangu akaruka: "Mimi nilisema *wakachukua*!" Huenda ndivyo alivyosema na askari akasikia vibaya. Huenda ulimi wake mwenyewe uliteleza kwa woga. Kwenye karatasi kilichobaki ni *tu*, na chini yake saini yake. Herufi mbili zimemtoa kwenye nafasi ya shahidi zikamweka kizimbani. Wakili alinieleza bila kunilaumu, na hilo liliniuma zaidi, kwamba muda wa kumtafuta ulikuwa ile jioni ya simu, kabla neno la kwanza halijaandikwa, hata kama mtoto anaitwa kama shahidi. Angetaja jina na umri wake, kisha aseme kwa adabu, "Mengine nitajibu wakili wangu akiwepo."

Alinipa na kesi ya kusoma, ya Gerald Gault wa Arizona. Mwaka 1964, akiwa na miaka 15, alikamatwa kwa kudaiwa kumpigia jirani simu ya matusi. Wazazi wake walikuwa kazini na hawakuarifiwa. Bila wakili, akaamriwa kwenda shule ya marekebisho, ambako angeweza kukaa hadi afikishe miaka 21. Mtu mzima kwa kosa hilohilo angepata faini isiyozidi dola 50 au kifungo cha miezi miwili. Ni mwaka 1967 ndipo Mahakama ya Juu ya Marekani iliposema mtoto naye ana haki ya wakili. Niliisoma mara mbili nikiliwaza lile benchi.

Kisha wakili akaniomba nitoke chumbani. Nikafura. Mimi ndiye mama! "Ndiyo, mama," akasema, "lakini mteja wangu ni yeye." Kumbe mazungumzo ya wakili na mteja yana kinga ya siri, na mzazi akikaa katikati kinga hiyo inaweza kulegea. Tena huko ndani mtoto alisema jambo alilonificha: alikuwa ameanza kufuta jumbe za kundi lao la simu. Nilisikia sauti ya wakili ikipanda hadi koridoni. Kufuta kunaweza kuhesabiwa kuharibu ushahidi, na zaidi ya hapo alikuwa anafuta utetezi wake mwenyewe. Katika zilizobaki ulikuwemo ujumbe aliomtumia binamu yake dakika chache baada ya tukio: "Jamaa wamechukua simu ya mtu, mimi nimesepa."

Wazazi wa wale wengine walitaka tuchange wakili mmoja. Wangu alikataa katakata: siku mmoja atakaposema "ni yule," atamtetea nani? Akanizuia pia kwenda kuomba radhi kwa wazazi wa aliyeporwa. Niliona ni ukatili, ila radhi yangu ingeweza kusomwa mahakamani kama kukiri.

Palikuwa na njia ya kumaliza mambo nje ya mahakama, kwa sharti kwamba akubali kuwajibika. Mimi ningekubali siku hiyohiyo, niliikamatia kama mtu anayezama. Wakili alimuuliza mwenyewe. Akasema hakuchukua.

Shitaka dhidi yake liliondolewa kwenye kikao cha tatu. Ila alama zake za vidole bado ziko kwenye jalada. Wakili ameandika barua kuomba zifutwe, na jibu halijaja.