Asubuhi dafodili zilipolala chini

Juzi mwanangu wa mwisho alikuwa amechuchumaa chini ya ukuta wa bustani, akaniita nije haraka. Ncha za dafodili, yale maua ya manjano ya mwisho wa baridi, zilikuwa zimeanza kutoboa udongo, ngumu na za kijani kibichi, na moja ilikuwa imelichoma jani kavu ikalibeba juu. Akauliza: "Mama, zinajuaje kwamba baridi inakwisha?" Nikamwambia tutazungumza jioni. Jioni nikajikuta sizungumzi habari ya baridi, nazungumza habari ya yule bibi.

Mnakumbuka tulihamia nyumba hii katikati ya kipupwe, majira ya baridi ya huku. Bustani ilikuwa udongo mtupu na nyasi zilizolala, na hakuna aliyetuambia kuna nini chini. Mwishoni mwa Januari zikatokea ncha kama hizi, safu nzima kufuata ukuta. Baba wa watoto akasema labda ni vitunguu vya mwenye nyumba aliyetutangulia. Nikawakataza watoto wasiguse mpaka tujue, na nashukuru, kwa sababu matunguu ya dafodili, yale mafundo ya chini ya udongo ambamo mmea huota, yana sumu iitwayo laikorini. Watu wameshaumwa na tumbo na kutapika kwa kuyapika wakidhani ni vitunguu, maana yakishang'olewa yanafanana mno.

Februari majani yakarefuka, bapa, ya kijani chenye ukungu wa buluu. Katikati yakaja matumba. Mwanzoni tumba husimama wima, limefungwa ndani ya ngozi nyembamba kama karatasi. Linapokaribia kufunguka shingo yake huinama, ngozi inapasuka ubavuni, na manjano yanaanza kuonekana. Kila asubuhi nilikuwa natoka kutazama. Machi ilipoingia sehemu kubwa ya safu ilikuwa imechanua, petali sita na tarumbeta katikati, karibu yote yametazama upande unakotoka mwanga.

Kisha ukaja usiku wa jalidi.

Nilipovuta pazia asubuhi nilikuta safu nzima iko chini. Maua hayakuwa yameinama, yalikuwa yamelala kabisa. Mabua yamejilaza juu ya udongo, tarumbeta zimegusa matope yaliyoganda, na juu ya kila petali kuna unga mweupe wa barafu. Mabua yenyewe yalikuwa yamebadilika rangi, kijani kizito kinachopenyeza mwanga, mfano wa jani lililochemshwa. Nilivaa koti juu ya nguo za kulalia, nikatoka na vijiti na uzi, nia yangu niyaegemeze moja baada ya moja. Nilikuwa nimeshapiga goti nikasikia sauti langoni.

"Usiyaguse, mwanangu."

Alikuwa bibi wa makamo ya kuzeeka, amejifunga skafu mpaka kidevuni, mkono mmoja juu ya lango. Nikamwamkia. Akaitikia, lakini macho yake hayakuwa kwangu, yalikuwa ukutani.

"Yakiwa yameganda hivyo, ukiyainua yanakatika. Yaache. Yatainuka yenyewe."

Nikamuuliza kama ana hakika. Akasema, "Mimi ndiye niliyeyapanda."

Nikamfungulia lango. Nilimkaribisha ndani, akakataa, akasema afadhali tukae pale pale kwenye ngazi ya mlango wa nyuma tuyatazame. Nikaleta mto wa kukalia na blanketi. Tukakaa.

Kwa muda hakuna kilichotokea. Jua lilikuwa bado nyuma ya paa la jirani, na mstari wa kivuli ulikuwa ukirudi nyuma polepole juu ya nyasi. Bibi aliniambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia: mmea unapoganda hivyo haujafa, umeyatoa maji ndani ya seli zake ukayaweka nje, katikati ya seli na seli, barafu ikajifanyia huko isije ikazipasua kwa ndani. Ndiyo maana bua linalegea. Barafu ikiyeyuka maji yanarudi, na bua linasimama. Alilisema bila haraka, kwa namna ya mtu aliyekwisha kuliona likitokea miaka mingi.

Mwanga ulipofika ukutani, ule unga mweupe ukawa matone. Matone yakaanza kudondoka. Bua la kwanza kusogea lilikuwa lililo karibu kabisa na matofali. Lilitikisika kidogo, likatulia, likatikisika tena. Ukilikazia macho huoni kitu, ila ukitazama pembeni kisha ukirudi, unakuta ua lililokuwa linagusa udongo sasa lina nafasi ya kidole chini yake. Baadaye nafasi ya kiganja. Kisha la pili, na la tatu mbali kidogo, bila mpangilio, huku mengine bado yamelala kabisa. Yalipokuwa yakipanda, yale mabua yaliyokuwa na rangi ya kuchemshwa yalirudi kuwa ya kijani cha kawaida, kuanzia chini kwenda juu. Sikusema neno. Bibi naye alikuwa ameacha kuzungumza, mikono yake imeshikana mapajani. Watoto walitoka wamevaa viatu vya baba yao, wakasimama nyuma yetu, na hata wao walinyamaza.

Kabla ya adhuhuri safu yote ilikuwa imesimama, isipokuwa mabua machache ambayo pengine paka aliyakanyaga usiku.

Hapo ndipo aliponieleza. Alikuwa ameuza nyumba kwa sababu ya ngazi, magoti yamemshinda, akahamia ghorofani kwa mwanawe, mahali penye kibaraza tu. Nikamuuliza kwa nini hakuondoka na matunguu yake. Akasema alihama katika vuli, kabla baridi haijaingia, na vuli ni wakati ambao tunguu la dafodili limeshatoa mizizi. Juu huoni kitu, chini kazi imeanza. Ukiling'oa hapo unalikatili. Baada ya mizizi linangoja baridi, maana aina nyingi zinahitaji kiasi cha wiki 12 hadi 16 za baridi, chini ya nyuzijoto 9 hivi, ndipo bua likubali kurefuka sawasawa. Hilo ndilo jibu la swali la mwanangu, kwa sehemu. Tunguu halisubiri joto peke yake. Kwanza lazima lipitiwe na baridi ya kutosha, na joto likija baadaye linalikuta tayari.

Akaongeza neno ambalo bado ninalo. Alisema ua tunaloliona Machi halikuumbwa Machi. Limeumbwa ndani ya tunguu tangu kiangazi kilichopita, dogo, lina kila kiungo chake, na lililishwa na majani yaliyobaki baada ya maua ya mwaka ule kukauka. "Kwa hiyo haya," akasema akiyaonyesha kwa kidole, "yalikuwa tayari nilipofunga mlango. Niliyaacha ndani."

Nilitaka kumchumia fungu zima. Akakubali mashina machache tu, akanikumbusha niyaweke peke yake kwenye chombo cha maji, kwa sababu utomvu wake hunyausha maua mengine. Kuhusu matunguu nilimwambia ni yake, achukue anayotaka hata leo. Akatikisa kichwa. Mpaka majani yanyauke yenyewe, akasema, angalau wiki 6 baada ya maua, na usiyafunge mafundo ili bustani ionekane nadhifu, hapo ndipo yanapokula. "Nitakuja Juni."

Akaniandikia namba ya simu. Akaenda.

Aprili na Mei zilipita. Niliondoa vichwa vya maua yaliyokauka yasipoteze nguvu kwa kutengeneza mbegu, majani nikayaacha yaanguke na kuwa manjano, ingawa jirani aliniuliza mara kwa mara kwa nini sikati. Juni nikachimba upande mmoja wa safu, nikayakausha kivulini, nikayatia kwenye mfuko wa wavu. Bibi hakuja. Namba haikupatikana. Nikaijaribu tena katika kiangazi, haikupatikana. Sikujua jina la mwanawe wala jengo. Septemba ikafika, na tunguu la dafodili haliwezi kuwekwa kabatini mwaka mzima likisubiri mtu, linasinyaa. Nikayapanda kwenye chungu kikubwa cha udongo, kwa kina cha mara tatu ya urefu wa tunguu kama alivyoniagiza, nikakiweka karibu na lango ili kikitakiwa kibebwe.

Yalichanua mwaka uliofuata, chungu na ukuta kwa pamoja.

Swali linalonisumbua ni la hesabu, na sijui kama lina jibu. Maua ya mwaka ule wa kwanza yalikuwa yake bila ubishi. Yaliumbwa yeye akiwa ndani ya nyumba hii, kwa jua lililopita juu ya bustani yake. Lakini ya mwaka wa pili yaliumbwa kwa majani niliyoyaacha mimi yakauke, kwa shauri lake. Na matunguu yenyewe hujigawa, moja linakuwa mawili, mawili yanazaa vitoto ubavuni, kwa hiyo hata tunguu alilolishika kwa mkono wake siwezi tena kulinyooshea kidole. Baba yao anasema bustani ni ya anayeitunza. Huenda. Mimi kila nikipita langoni bado naona chungu cha mtu.

Mwaka huu kinanipa kazi. Kimejaa mno, katikati kimetoa majani matupu bila matumba, jambo linalotokea matunguu yakibanana na chakula kikipungua. Juni lazima nikimwage, niyatenganishe, nipande upya. Yatazidi nafasi, na jirani yuleyule aliyekuwa akiuliza habari ya majani ameniomba amegewe. Nitampa. Ila yale makubwa nitayachagua kwanza, nitayarudisha kwenye chungu, na chungu nitakirudisha langoni.