Nilivyotibu meno ya wajane wa vita vya uchaguzi, Burnt Forest

Wajane niliowatibu hawakufiwa wakati mmoja. Kuna waliofiwa mwaka 1992, vita vya kikabila vilipowakuta Burnt Forest, mji mdogo wa Bonde la Ufa, Kenya, na kuna waliofiwa katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Wengine wamepitia yote mawili: mume aliuawa 1992, mtoto wa kiume 2008. Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza machafuko hayo, ilihesabu watu 1,133 waliouawa baada ya uchaguzi ule, zaidi ya nusu yao katika Bonde la Ufa. Mei 2008 serikali ilipoanzisha Operesheni Rudi Nyumbani, ya kuwarudisha makwao waliokimbilia kambi za mahema, familia ziliahidiwa shilingi 10,000 za kuanzia maisha na 25,000 za kujenga nyumba. Meno hayakuwa katika hesabu ya mtu yeyote, na wakati ule yasingeweza kuwa. Anayelala hemani na wajukuu hasemi kwamba jino linamuuma. Ila jino lililotoboka hemani leo ni kisiki chenye usaha, na mwenyewe ana miaka zaidi ya sabini.

Mimi ni daktari wa meno Eldoret. Kutoka huku hadi Burnt Forest si mbali kwa matatu, barabara ya kwenda Nakuru, lakini nauli ya kwenda na kurudi pamoja na ada ya kung'oa ni pesa ambazo bibi kizee anazinunulia unga. Kiongozi wa chama chao, Wakikuyu na Wakalenjin wanaochanga pamoja kila mwezi, alinipigia simu akasema, "Daktari mwanangu, sisi hatutafuni tena." Githeri, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, wanampikia mtu mwingine, wao wanakunywa supu yake.

Niliwaendea kwanza bila vifaa vyovyote, tukaketi, nikawauliza ni nini hawataki nifanye. Naona hiyo ndiyo siku iliyoamua kila kitu kilichofuata. Mmoja alisema asilazwe chali. Mwingine, uso wake usifunikwe na kitambaa. Mwingine aliuliza kama mashine ya kuchonga jino hutoa harufu. Hutoa, na inafanana na ya mfupa unaoungua. Kati yao wapo waliokimbia huku nyumba zao zikiwaka, na wapo waliopoteza jamaa katika kanisa la Kiambaa, lililotiwa moto tarehe 1 Januari 2008 watu wakiwa ndani. Aliyetaja harufu sikumuuliza zaidi. Mashine niliiacha Eldoret.

Kwa hiyo tulifanya kazi hivi. Kiti cha kawaida chenye mgongo kiliegemezwa ukutani kikiutazama mlango, na mlango ukaachwa wazi. Mgonjwa aliketi wima, muuguzi mwanamke akakishika kichwa chake kwa mikono miwili. Nilisimama upande ambao ananiona. Koleo nilimwonyesha kwanza, akalishika kama anataka. Tulikubaliana kwamba akiinua mkono nasimama, na nilisimama kweli, hata jino likiwa limebaki kidogo tu kutoka. Daktari akimwambia mgonjwa "vumilia kidogo" baada ya kumwahidi kusimama, ameivunja ahadi, na hawa wameshavunjiwa nyingi mno.

Wengi walifika na njaa. Walikuwa wamesikia kwamba anayeenda kung'olewa jino asile. Kwa sindano ya ganzi ni kinyume chake, mtu hutakiwa awe amekula, hasa mwenye sukari. Tukapika uji wa wimbi, kila mmoja akanywa kabla ya kupimwa presha. Presha ilikuwa kizuizi kikubwa kuliko meno yenyewe. Aliyezidi 180 kwa 110 alipumzika, akapimwa tena, na isiposhuka hatukumng'oa: tulimpa panadol na barua ya kwenda kituo cha afya, arudi presha ikitulia. Baadhi walikasirika. Nawaelewa, lakini damu isiyokoma kijijini usiku ni hatari ambayo sikuwa tayari kuwatwika.

Meno yaliyoweza kuokolewa tuliyaziba bila umeme. Sehemu iliyooza hukwanguliwa kwa vifaa vya mkono, kisha tundu hujazwa saruji maalumu inayojishika kwenye jino na kutoa floraidi polepole. Mbinu hii ilianzia hapa kwetu Afrika Mashariki, Tanzania, katikati ya miaka ya 1980, kwa ajili ya mahali pasipo na mashine. Haina kelele wala harufu, na mara nyingi haihitaji hata sindano.

Jambo jingine lilihitaji macho ya mtu wa huku. Kijana aliyekuwa akijaza kadi aliandika kwamba kogo mmoja, yaani bibi wa Kikalenjin, amepoteza meno mawili ya mbele ya chini kwa ugonjwa. Hakuyapoteza. Wakalenjin wa rika lake waliyang'olewa ujanani kwa mila. Tulipofikia kutengeneza meno ya bandia, niliwauliza wa aina hiyo mmoja mmoja: pengo libaki au lizibwe? Mmoja alitaka lizibwe. Mwingine alisema mume wake alimjua na pengo lile, libaki. Fundi wa meno akaliacha.

Kuhusu meno ya bandia nina msimamo mkali. Kundi linalokuja siku moja, likagawa na kuondoka, linawapa akina mama kitu cha kuweka kabatini. Kuchukua umbo la kinywa ni siku moja, kupima namna taya zinavyokutana ni siku nyingine, kisha kujaribisha kwenye nta, kisha kuvaa. Baada ya siku chache lazima urudi ukwangue panapochubua ufizi. Ya juu hujinata kwenye paa la kinywa. Ya chini ni shida: mtu aliyekaa bila meno miaka mingi, mfupa wa taya umeisha, meno hayana pa kushika. Wachache niliwaambia wazi kwamba ya chini hayatakaa, na tukatengeneza ya juu peke yake.

Nani atangulie waliamua wenyewe: umri, wala si kabila. Kogo wasiojua Kiswahili walitafsiriwa na shosho (bibi) Mkikuyu aliyekulia kati ya Wakalenjin na hajawahi kuisahau lugha yao.

Anayetaka kufanya kazi hii kaunti nyingine aanze na kibali cha kambi ya matibabu kutoka KMPDC, baraza linalosimamia madaktari na madaktari wa meno Kenya, na ofisi ya afya ya kaunti, halafu atafute fundi wa meno kabla ya kutafuta dawa. Dawa watu huchangia upesi. Kazi ya fundi ndiyo inayokwama, na kwetu orodha ya wanaosubiri imeanza na waliopita miaka themanini.