Vyuo vinne, oda moja ya vitabu: tulivyofanya

Kila tuliyemwuliza alitushauri tufungue akaunti moja ya pamoja. Msifanye hivyo. Kila chuo kina bodi yake, mkaguzi wake na wakati wake wa kupokea ada, na akaunti hiyo ingetukwamisha mwaka mzima. Maktaba zetu nne za vyuo vya afya ziliunganisha orodha na bei tu. Muuzaji alitoa bei moja kwa jumla ya nakala zote, kisha kila chuo kikatoa LPO yake (hati ya kuagizia), kikalipa ankara yake na kupata risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) yenye TIN yake, yaani namba ya mlipakodi. Bei ilishuka karibu robo.

Kazi ngumu ni orodha. Awali tuliikusanya kwa jina la kitabu na mwandishi. Kitabu kimoja cha anatomia kikaja katika mistari mitatu: toleo la zamani, toleo jipya la jalada gumu na toleo hilohilo la jalada laini. Muuzaji akaona oda tatu za nakala 4 badala ya moja ya nakala 12, akatupa bei ya rejareja. Kila toleo na kila aina ya jalada ina ISBN yake, yaani namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu. Kwa hiyo kubalianeni kwanza toleo na jalada, ndipo muunganishe orodha kwa ISBN.

Hapo Excel nayo ina mtego. Safu ikiachwa kwenye mpangilio wake wa kawaida (General), ISBN ya tarakimu 13 huonekana kama 9.78E+12. Ukihifadhi faili kama CSV (faili la maandishi matupu), hicho kinachoonekana ndicho kinachohifadhiwa, na ukilifungua tena vitabu vingi vina namba ileile, kama 9780000000000. ISBN ya tarakimu 10 inayoanza na sifuri hupoteza sifuri yake. Safu iwekwe iwe ya maandishi kabla ya kuchapa hata namba moja.

Kilichotusaidia kuliko vyote ni tarakimu ya mwisho ya ISBN, ambayo kazi yake ni kuhakiki zile za mbele. Chukua tarakimu zote 13, zizidishe kwa 1, 3, 1, 3 hadi mwisho, kisha jumlisha. Jumla isipogawanyika kwa 10, namba imekosewa. Tuliweka fomula hiyo pembeni ya kila mstari, na makosa ya kuchapa yakajitokeza yenyewe. Tarakimu moja ikikosewa, lazima inaswe. Mbili jirani zikibadilishana nafasi hunaswa pia, ila zikitofautiana kwa 5, kama 1 na 6, hupita. Kwa hiyo jina la kitabu bado lisomwe.

Wenye orodha za zamani wasibandike 978 mbele ya ISBN ya tarakimu 10 wakadhani wamemaliza. Tarakimu ya mwisho hukokotolewa upya: 0-306-40615-2 inakuwa 978-0-306-40615-7.

Mwambieni muuzaji afungashe kwa chuo tangu ghalani kwake, kila boksi libandikwe jina la chuo na orodha ya vilivyomo. Kugawana vitabu sakafuni baada ya mzigo kufika huzaa ugomvi wa nakala moja moja. Na muhuri wa maktaba usubiri. Fungua kila nakala, pitisha kidole gumba kwenye kurasa zote, tazama namba zake: kundi zima la kurasa huweza kukosekana au kujirudia kiwandani. Nakala mbovu isiyo na muhuri muuzaji huibadilisha. Ukishaigonga muhuri, ni yako.