Bonde Letu Halikuharibikia Bondeni

Mwaka ambao mpunga wetu uliungua na chumvi kwa mara ya kwanza, sote tulitazama baharini. Bonde ninalolizungumzia liko upande wa magharibi wa kisiwa cha Pemba, kati ya kilima chenye mikarafuu ya zamani na hori lililozungukwa na mikoko, nalo limewalisha jamaa zangu kwa vizazi vitatu. Maji ya bamvua, yaani yale maji makuu ya bahari, yalipanda usiku, yakapita juu ya tuta la udongo, na asubuhi tukayakuta yametuama makondeni. Baada ya siku chache ncha za majani zilikuwa nyeupe, kisha zikawa kahawia, na miche iliyokuwa na umri wa wiki tatu haikuinuka tena.

Kwa kuwa maji yalitoka baharini, dawa tuliyoiona ilikuwa kuizuia bahari. Tukalinyanyua tuta. Msimu uliofuata kaa walilitoboa, bamvua la mwezi wa Machi likalibomoa, nasi tukalinyanyua tena. Nimeibeba kazi hiyo kwa mikono yangu miaka kadhaa na sijutii jasho lililomwagika pale, lakini leo ninaamini kwamba tulikuwa tukipaka dawa mahali pasipouma. Bonde letu liliharibika juu yake na chini yake kabla halijaharibika lenyewe: juu kilimani, miti ilipopungua, na chini pwani, mikoko ilipokatwa.

Aliyenionyesha jambo hili ni bibi yangu, mzaa baba, ambaye wakati huo hakuweza tena kushuka bondeni na alikuwa akisubiri habari barazani. Nilipomweleza kuhusu tuta, hakuniuliza urefu wake. Aliniuliza, "Mjukuu wangu, ile chemchem ya chini ya mfenesi, kaskazi hii inatoka?" Nikamjibu kwamba ilikauka tangu mwezi wa Disemba, na kwamba imezoea kukauka. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi chumvi ataisukuma nani?"

Swali lake lina elimu kubwa ndani yake. Katika mabonde ya pwani, maji matamu yanayopenya polepole kutoka kilimani ndiyo yanayosafisha udongo na kuyasukuma maji ya bahari yasijipenyeze chini ya makonde. Mvua inayonyesha juu ya kilima chenye miti hupokewa na majani, ikadondoka taratibu, ikazama kwenye udongo uliojaa mizizi na mboji, na ikatoka bondeni wiki nyingi baadaye. Mvua hiyohiyo ikinyesha juu ya mteremko mtupu huteremka kwa saa moja, ikabeba udongo wa juu na kuutupa horini, na chemchem ikabaki bila akiba. Chumvi nayo haiishii kuuchoma mpunga tu. Inapokaa kwenye udongo wa mfinyanzi huuvunja mshikamano wake, ukawa tope zito wakati wa mvua na kama sakafu wakati wa jua, hata maji matamu yanapokuja hayapati njia ya kuingia.

Mabadiliko ya tabianchi yametukuta tukiwa katika hali hiyo. Bahari ya dunia inapanda kwa sababu maji yake yanatanuka kwa joto na kwa sababu barafu za nchi kavu zinayeyuka, na kwetu hilo linaonekana katika bamvua linalofika mahali ambapo wazee wetu hawakuwahi kuliona. Masika nayo hayaaminiki kama zamani. Huchelewa, kisha yakamwaga kwa siku chache maji ambayo yangetosha mwezi mzima. Kwa hiyo chumvi inakuja mara nyingi zaidi katika miaka ileile ambayo maji matamu ya kuiosha yanapita mbio na kwenda zake.

Kilima chetu kina historia inayopaswa kuelezwa, kwa sababu miti haikuondoka kwa siku moja. Mikarafuu ilienea katika visiwa hivi katika karne ya 19, na dhoruba kubwa ya mwaka 1872 ilipoangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikawa ndiyo mama wa karafuu, na mpaka leo karafuu nyingi za Zanzibar hutoka kwetu. Mingi kati ya miti yetu ilikwisha kuzeeka. Mmoja baada ya mwingine ilikauka, ikakatwa kuni, na mahali pake pakapandwa muhogo kwa mistari inayoshuka na mteremko, jambo linaloyafungulia maji barabara. Si uvivu uliotufanya tusipande mingine. Mkarafuu hukawia miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa, na katika visiwa vyetu mwenye mti na mwenye ardhi wanaweza kuwa watu wawili tofauti. Hata waliogaiwa eka tatu baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 wanajua kwamba ardhi ni ya serikali. Mtu asiyekuwa na uhakika hupanda kile atakachokila mwakani.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaokuja na miche na hotuba na kudhani kwamba mkulima anahitaji kuhimizwa. Anahitaji kitu cha kuvuna wakati mti unakua. Katika shamba la ami yangu, tulilofanyia jaribio la kwanza, tulianza kwa kuchimba makinga maji yanayokata mteremko, tukapanda migliricidia, miti inayokua haraka na kurutubisha udongo, juu ya kingo zake, na kati yake tukapanda migomba. Mwaka wa kwanza tuliharakisha tukapanda miche ya mikarafuu siku zilezile, na zaidi ya nusu ilikufa kaskazi ilipoingia, kwa kuwa mche mchanga wa mkarafuu hauvumilii jua la moja kwa moja. Mwaka wa pili tuliingoja migomba itoe kivuli, ndipo tukapanda. Migliricidia ilipokomaa tuliipandishia pilipili manga, na muhogo ukabaki kwenye nafasi, safari hii kwa mistari inayolala kukingama mteremko. Majani ya migliricidia, ambayo yana naitrojeni nyingi, tunayakata kabla ya mvua. Mengine yanatandazwa palepale na mengine yanabebwa kwa makapu hadi bondeni kulisha udongo ulioharibiwa na chumvi. Misitu ya viungo ya namna hii si ubunifu wetu peke yetu. Jumuiya ya Community Forests Pemba imekuwa ikivisaidia vijiji kadhaa vya kisiwa hiki kuipanda.

Nao popo wa Pemba, ambao hawapatikani popote pengine duniani, wamekuwa wasaidizi wetu bila kualikwa. Waliwindwa mpaka wakakaribia kutoweka, kisha wanavijiji wakawalinda katika maeneo kama Kidike, na sasa usiku tunawasikia wakigombea matunda juu ya miti yetu. Miche ya miti ya asili inayochipua chini ya mikarafuu, ambayo hakuna aliyeipanda, ninaamini mingi ni kazi yao.

Upande wa pwani ndiko kulikonifundisha unyenyekevu. Mikoko yetu ilikatwa kwa boriti, kwa kuni za kuchemshia dagaa na kwa matanuri ya chokaa, na sehemu nyingine ilifyekwa kutengeneza mashamba ya chumvi yaliyoachwa baadaye. Mradi mmoja ulikuja, tukapanda mbegu za mkoko kwa maelfu katika siku moja, picha zikapigwa, na baada ya mwaka mmoja karibu zote zilikuwa zimekufa. Tulizipanda katika uwanja uliozibwa na kingo za mashamba ya chumvi, ambako maji yalifika kwenye bamvua peke yake, ilhali mkoko hutaka maji yanayojaa na kupwa kila siku. Mzee mmoja mvuvi ndiye aliyesema tuzikate zile kingo na kuufungua mkondo wa zamani. Tulifanya hivyo kwa majembe, kwa idhini ya sheha, kiongozi wa serikali wa eneo letu, na maofisa wa misitu, kwa kuwa Sheria ya Misitu ya Zanzibar ya mwaka 1996 inairuhusu jamii kuingia makubaliano ya kuusimamia msitu wake. Maji yaliporudi, yalikuja na mbegu. Kati ya miti ya jamii ya mikoko, michu ilitangulia, kwa kuwa inavumilia chumvi kali, kisha mikandaa, na mikoko hasa ikajipanda yenyewe kandokando ya mkondo.

Jambo gumu kuliko yote lilikuwa kuyaacha makonde matatu ya chini kabisa. Hesabu ilikuwa wazi: kila tulipoyapigania tulilazimika kulijenga tuta mahali ambapo bahari ilikuwa na nguvu zote, ilhali tukirudi nyuma hatua mia moja, mikoko ingesimama mbele yetu na kulipunguza wimbi. Lakini hesabu haimtoshi mtu. Mama mmoja mwenye konde mojawapo alisema mbele ya kikao kwamba watoto wake sita wamekula mpunga wa pale, na hakuna aliyethubutu kumjibu. Tulikaa vikao vinne. Mwishowe wenye makonde ya juu walimega sehemu zao, naye akapewa konde karibu na chemchem, ambapo kwa haki ndipo pazuri kuliko pote. Bado ninaona kwamba tulimchukulia kitu ambacho hakilipiki.

Kaskazi iliyopita chemchem ya chini ya mfenesi ilitoka mpaka katikati ya Januari, halafu ikakatika. Makonde ya juu yalivunwa vizuri. Ya katikati bado yana madoa meupe ambapo mpunga unatoka mfupi na wenye mapepe, na hayo tunayapa majani na samadi kila mwaka na kuyafurisha maji ya mvua kabla ya kupandikiza. Tuta jipya, lililo nyuma ya michu, ni fupi kuliko la zamani. Bamvua kubwa linatarajiwa wiki ijayo, nami nimeahidiana na vijana tukalizibe matundu ya kaa kabla ya usiku huo.