Mama Ni Yupi?

Ilikuwa mwezi wa saba, baridi ya Lubumbashi imeshika kweli, nasi watatu tulikuwa tunapokezana zamu kwenye mikroskopi kuhesabu watoto wa hamira, ile tunayoiita levire. Seli 40 za kawaida, nyingine 40 zilizoondolewa jeni ya SIR2. Tulikuwa tunarudia waliyoyaonyesha watafiti Kaeberlein, McVey na Guarente mwaka 1999, kwamba jeni hiyo hurefusha maisha ya hamira, kwa njia ya Mortimer na Johnston ya mwaka 1959: seli mama akizaa, yaani akichipua mtoto ubavuni, unamsogeza mtoto pembeni kwa sindano ya kioo, unaandika moja, unasubiri. Kwenye nyuzi 30 mama huzaa takriban kila dakika 90. Wa kawaida hufikisha watoto kama 25. Asiye na SIR2 huishia karibu na nusu.

Aga, ile jeli ya kukuzia seli, tuliipika kwa sufuria ya presha. Kwa lita moja: dondoo ya hamira gramu 10, peptoni 20, glukosi 20, aga 20. Sahani zikakaushwa siku mbili, maana kwenye aga yenye majimaji seli huteleza na mstari wote unavurugika. Ili kuanza, unaacha seli izae, unamtupa mzazi na kumbakiza mtoto. Hapo tu ndipo sifuri yako ni sifuri. Mtoto aking'ang'ania, usimvute. Gusisha sindano pale walipoungana, kisha gonga meza kidogo kwa kidole. Mimi siku ya kwanza niligonga kama napiga hodi, nikapoteza mama wawili.

Usiku sahani zililala kwenye frigo, nyuzi 4, uzazi usimame nasi tupate usingizi. Usiku wa pili umeme ukakatika. Asubuhi kipimajoto cha ndani kilisoma 16. Palipokuwa na mama mmoja tukakuta seli mbili, kwingine nne.

Kwa macho ni seli tu, mtu angeokota yoyote. Lakini kwenye kromosomu ya 12 kuna nakala 100 hadi 200 za jeni za ribosomu, mashine ya seli ya kutengeneza protini, zimefuatana kama shanga. Protini ya Sir2, inayotokana na jeni ya SIR2, hung'oa vibandiko vya asetili kwenye histoni, zile protini ambazo DNA huzungushiwa; kromatini, yaani DNA pamoja na protini zake, ikakaza, nakala zikatulia. Ikikosekana, nakala hubadilishana vipande ovyo, na vingine huchomoka vikawa pete za DNA zinazojizidisha zenyewe. Pete hizo hujazana kwa mama. Mtoto mara nyingi huondoka bila mzigo huo. Kwa hiyo ukimshika mtoto ukidhani ni mama, umri umerudi nyuma lakini daftari lako linaendelea kutoka 11, hesabu ya jana jioni. Makosa kumi ya namna hiyo, na kazi ya SIR2 itaonekana ndogo kuliko ilivyo.

Profesa alipofika hakugomba. Alivuta kiti.

"Usiguse kitu, mwanangu. Ngoja tuone nani atachipua kwanza."

Mtoto huzaliwa mdogo, sharti akue kwanza ndipo achipue. Mama yuko tayari. Umeme uliporudi saa nne, tulizirudisha sahani kwenye nyuzi 30 na kukodoa macho. Penye seli mbili, wengi walijitambulisha. Penye nne hatukuthubutu. Na wazee walitushinda kabisa, kwa sababu mama aliyechakaa huzaa mtoto anayekaribiana naye kwa ukubwa. Wasio na SIR2 walikuwa wameshakuwa vikongwe kwa hesabu ya 11, hivyo kundi tulilolihitaji zaidi ndilo lililoumia zaidi: tisa hatukuwajua.

Nikataka kubahatisha. Kutoka 40 hadi 31 niliona ni aibu. Mwenzangu alitaka tuwafute. Profesa alitukatalia sote wawili, akachukua kalamu, na mbele ya kila mmoja wa wale tisa akaandika hesabu ya jana jioni na maneno "alikuwa hai, hatujui zaidi". Mama aliyefika 11 akiwa hai ni ushahidi. Ukimfuta, waliokufa mapema wanapata uzito kupita kiasi na wastani unashuka kwa uongo.

Usiku uliofuata sahani zililala kwenye sanduku la barafu tuliloazima kwa mama jirani anayeuza samaki aina ya thomson, zimefungwa mifuko miwili ya plastiki. Maabara ilinuka samaki hadi Ijumaa, lakini kipimajoto kilibaki kwenye 4.