Siku moja maishani mwangu: baiskeli isiyo na friwili yaingia Mtaa wa Uhuru

Saa 11 alfajiri

Adhana imenikuta nimeshakaa kitandani. Rangi imekauka. Nimeipitisha tochi taratibu kwenye kila kiungio cha fremu, bomba kwa bomba, na sijaona povu wala tone lililoganda. Buluu imekolea vizuri.

Ni fremu ya chuma kutoka Japani, ya mbio za uwanjani. Niliikuta miezi mitano iliyopita kwenye lundo la mtumba, imefungwa kamba pamoja na baiskeli mbili za watoto. Muuzaji alikuwa ameishusha bei kwa sababu ya kasoro zake: haina pa kufungia breki ya nyuma, haina sikio la kubadilishia gia, na midomo inapokaa ekseli ya nyuma imetazama nyuma badala ya chini. Mimi niliinunua kwa sababu ya kasoro hizohizo. Baiskeli isiyo na friwili, yaani ile ambayo pedali huzunguka muda wote ringi inapozunguka, haina kifaa cha kuvuta cheni iliyolegea, kwa hiyo unavuta gurudumu zima kurudi nyuma hadi cheni ikaze, ndipo unafunga nati. Nilipima kati ya midomo kwa rula nikiwa palepale juani: milimita 120. Hapo nikajua ni yenyewe.

Kabla ya kutoka nyumbani Magomeni nimemimina oili chafu ndani ya mabomba, nikaigeuzageuza fremu hadi oili ikapita kila kona, kisha nikaiacha ichuruzike. Hewa ya chumvi ya mji huu hula chuma kutokea ndani, na ukija kuona doa nje ujue ndani kumeshaoza.

Saa 1 asubuhi

Kibandani Ilala. Kazi za watu kwanza.

Guta limeleta ringi yenye spoku nne zilizokatika. Mzee wa mikate ana pedali inayogonga. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, fundi, niwahishie, mikate inapoa." Gololi zilikuwa zimesagika, nikabadilisha, nikapaka grisi, akaondoka ndani ya nusu saa. Phoenix yake ina miaka mingi kuliko dogo ninayemfundisha kazi, na bado inabeba kreti mbili kila siku. Ndiyo maana nakipenda chuma. Kikipinda kinanyooka, kikipasuka kinaungika. Ila fremu kama hii ya kwangu usimpelekee mchomeleaji wa madirisha na mageti. Mabomba yake ni membamba na yameungwa kwa shaba, moto wa umeme utayatoboa.

Saa 4

Chai na chapati za mama ntilie, halafu ringi ya nyuma. Spoku 36, kila moja inavuka nyingine tatu. Nimeshika chaki karibu na ukingo huku dogo akizungusha polepole: pale chaki inapoacha alama ndipo ringi imevutwa upande. Robo ya mzunguko kushoto, robo kulia. Imechukua saa nzima na sijaona uchovu wowote.

Saa 6 mchana

Sasa sehemu iliyoninyima usingizi.

Sproketi ya nyuma, lile duara la meno linaloshika cheni, inafungwa kwenye habu, yaani kitovu cha ringi, kwa nyuzi za kawaida za kukaza kulia. Ukikanyaga mbele, inajikaza yenyewe. Lakini kwenye baiskeli hii unapunguza mwendo kwa kuzuia pedali kwa miguu, na kila unapozuia, sproketi inataka kufunguka. Kwa hiyo habu halisi ya uwanjani ina nyuzi za aina mbili: za sproketi, halafu pembeni yake nyembamba zaidi, za kushoto, kwa ajili ya nati bapa ya kufungia. Sproketi ikijaribu kufunguka inaisukuma nati upande uleule, na upande huo kwa nati ni kukaza. Kila nguvu inayotaka kuifungua sproketi inaishia kuifunga.

Miaka miwili iliyopita nilijifanya naweza kukwepa hilo. Nilichukua habu ya friwili, nikafunga sproketi ngumu, na juu yake nati ya kawaida yenye nyuzi za kulia. Nikateremka kutoka Magomeni kuelekea Jangwani. Nilipozuia miguu, nati na sproketi vilifunguka pamoja, pedali zikawa laini kama hakuna kitu, na breki sikuwa nayo. Nilivunjika mfupa wa bega. Wiki sita sikushika spana.

Leo habu ni yenyewe, nyuzi zake nimezisafisha kwa mswaki na mafuta ya taa. Nimepaka grisi, nikaingiza sproketi kwa vidole hadi mwisho, kisha nikaikaza kwa kifaa nilichojitengenezea: pande la chuma bapa lenye kipande cha cheni kuukuu mwishoni. Halafu nati, kwa spana ya ndoano, kinyume cha saa. Imefika, ikagoma. Nimeegemea kwa uzito wangu wote mara moja tu.

Mbele nimeweka meno 46, nyuma 17. Dukani kulikuwa na 48 na 16 kwa bei nafuu, lakini 48 ni 16 mara tatu kamili. Ukizuia pedali hadi tairi iburuze, mguu uleule ukiwa mbele, sehemu ileile ya tairi itasugua lami kila siku hadi nyuzi zitokeze. Kwa 46 na 17, tairi ina sehemu 17 za kupokezana. Na mzunguko mmoja wa pedali unakupeleka karibu mita 5.7, mwendo unaofaa kwa mji usio na vilima vikali.

Saa 8

Kijana mmoja amesimama muda mrefu anaitazama. Akauliza kama naweza kumtengenezea kama hii, bila breki, kama alivyoona kwenye video. Nikamwambia kutengeneza naweza, bila breki hapana.

Nilimweleza kwa utulivu kwa sababu alikuwa anasikiliza. Uwanjani hakuna mwenye breki, na wote wanakwenda upande mmoja, kwa hiyo hakuna atakayesimama ghafla mbele yako. Kule Japani, mbio za keirin zilizoanza mwaka 1948 mjini Kokura zinaendeshwa hivyo. Mtaa wa Uhuru una bajaji inayosimama popote inapoitwa, bodaboda upande usio wake, na mtoto anayefuata mpira. Miguu peke yake inapunguza mwendo, haisimamishi. Hata foko iliyokuja na fremu hii niliiacha kwa kuwa haina tundu la breki, nikatafuta nyingine ya chuma yenye tundu.

Akasema atafikiria. Natumaini atarudi.

Saa 9 na nusu

Cheni. Nimezungusha pedali kidogo kidogo kutafuta mahali inapokaza kuliko pengine, kwa sababu sproketi ya mbele haikai katikati kwa asilimia mia. Nimelegeza bolti, nikaigonga taratibu kwa mpini wa nyundo, nikakaza tena. Pale inapokaza zaidi, iwe bado na mchezo kama wa unene wa kidole.

Dogo alichukua kitambaa kufuta cheni ringi ikiwa inazunguka. Nimempiga mkono kwa nguvu hadi akashtuka, nikamfokea. Baiskeli ya kawaida ikikubana kidole inasimama. Hii haisimami, ringi inaendelea kuvuta hadi kidole kiishie kwenye meno. Nimemwomba radhi kwa kofi, maneno sikuyaomba radhi.

Saa 11 na nusu jioni

Suruali nimeikunja, kamba za viatu nimezichomeka ndani. Nimetoka Ilala, nikashika Uhuru kuelekea mjini.

Mita mia za kwanza nilisahau, nikataka kupumzisha miguu kama nilivyozoea. Pedali zikaninyanyua kwenye siti. Baada ya hapo mwili ukaelewa. Pale Kariakoo nilienda mwendo wa mtu anayetembea, nyuma ya mkokoteni wa mahindi, na sikuweka mguu chini hata mara moja, kwa sababu ukizuia na kuachia, baiskeli inanyata. Kila tundu la lami nililihisi kwenye unyayo. Mnara wa Saa, Samora, Sanamu ya Askari, kisha barabara ya baharini, na upepo ukanipokea kifuani.

Daraja la Tanzanite ni refu kama kilomita moja, na jioni hii lilikuwa na watu wengi wanaotembea. Kwenye mteremko wake miguu ilizunguka kasi kuliko nilivyowahi kuizungusha. Nikaanza kuzuia taratibu, nikisubiri ule ulaini wa Jangwani. Haukuja. Cheni ilikaza upande wa chini, ringi ikatii. Nimefika Coco, nikakaa juu ya mchanga na baiskeli mapajani, na nimelia kidogo.

Saa 3 usiku

Nyumbani. Mama watoto ameshika tochi. Sproketi mpya hujikalia vizuri zaidi baada ya safari ya kwanza, na nati hubaki nyuma. Nimeweka ndoano, nikavuta. Imekubali robo ya mzunguko.

Kesho nitaipima tena kabla ya kupanda.