Siku Moja Maishani Mwangu: Kuandaa Santuri ya Remiksi Glasgow

Saa 2:30 asubuhi ya Alhamisi, jua la Januari likiwa bado halijachomoza Glasgow, nilifungua mafaili ya nyimbo nane zinazotakiwa kuingia katika santuri yetu mpya. Mpango wenyewe hauhitaji maelezo mengi: wanamuziki chipukizi wa Uskoti wametoa nyimbo zao, na watayarishaji wa muziki wa densi wa kielektroniki, wengi wao chipukizi vilevile, wamezisuka upya kwa ajili ya klabu. Mimi ni mhandisi wa sauti, na nimeajiriwa kuzisawazisha nyimbo hizo na kuhakikisha kwamba zinaweza kuchongwa kwenye vinaili, yaani plastiki ya santuri. Lipo jukumu jingine ambalo halimo katika mkataba wangu, nalo ndilo ninalolishikilia zaidi: kuangalia kama mwenye wimbo bado anasikika ndani ya wimbo wake.

Saa 3 nilianza na kijana anayepuliza zumari ya mfuko ya Kiskoti. Ala hii ina noti tisa tu, haina namna ya kupandisha wala kushusha ukubwa wa sauti, na noti yake ya A husimama kwenye hezi (mitetemo kwa sekunde) 470 hadi 480 hivi, ilhali sinthesaiza, yaani vinanda vya kielektroniki, huja zimewekwa kwenye 440. Mtayarishaji alikuwa ameivuta zumari kwa kompyuta mpaka ikalingana na kinanda chake, na katika kuvutwa huko ikapoteza ukali wote unaoifanya itambulike. Nilifanya kinyume chake: nikairudisha zumari mahali pake, nikapandisha sinthesaiza ziifuate, kisha nikaondoa sauti ya chini iliyokuwa ikijaza nafasi nyuma, kwa sababu mirija mirefu ya zumari huvuma noti moja bila kukoma na inaifanya kazi hiyo vizuri zaidi. Kwa maoni yangu, mgeni ndiye anayepaswa kufuata desturi za nyumba.

Saa 5 ilikwenda kwenye makaratasi. Kila remiksi huhesabiwa kuwa rekodi mpya, hivyo hupewa namba yake ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 12, na majina ya waliopiga muziki wa awali lazima yaandikishwe pamoja nayo. Mpiga fidla ambaye jina lake limeachwa nje anaweza kusikika redioni mwaka mzima bila kupata hata senti moja.

Mchana nilipita Howard Street, kwenye duka la santuri la Rubadub, kutazama majalada ya wengine. Mji huu umezoea kubahatisha na wasiojulikana: lebo ya Soma, kampuni ya kutoa rekodi iliyoanzishwa hapa mwaka 1991, ndiyo iliyotoa santuri ya kwanza ya kundi la muziki wa kielektroniki la Daft Punk mwaka 1994, wakati Wafaransa hao wawili walikuwa bado hawajulikani.

Saa 8 mchana alifika studio mwimbaji wa Kigaeli, lugha ya kale ya Uskoti, kutoka kisiwa cha Lewis, ambaye yuko mjini kwa ajili ya tamasha la muziki la Celtic Connections, linalofanyika kila Januari tangu mwaka 1994. Wimbo wake ni wa wanawake waliokuwa wakikaza kitambaa cha sufu. Zamani walikaa kuizunguka meza, wakakipigapiga kitambaa kilicholowekwa (katika mkojo uliochacha, tena bila kuona haya) hadi kikawa kizito na kuweza kuzuia upepo. Mmoja aliongoza, wengine wakaitikia, na kishindo cha kitambaa kwenye ubao kikawa ndiyo ngoma yao.

Alisikiliza remiksi hadi mwisho bila kusema neno, kisha akauliza waitikiaji wameenda wapi. Mtayarishaji alikuwa amebakiza sauti ya kiongozi peke yake, imekatwakatwa vipande juu ya besi, na sikatai kwamba vipande hivyo vinachezeka. Hata hivyo, wimbo wa namna hii ukinyimwa waitikiaji, kiongozi anabaki kama mtu anayeuliza swali katika chumba kitupu. Marehemu Martyn Bennett, mwanamuziki wa Uskoti aliyefariki mwaka 2005, alikuwa ameonyesha njia katika albamu yake Grit ya mwaka 2003, ambamo rekodi za zamani za waimbaji wa Kiskoti zimewekwa juu ya midundo mizito ya klabu na bado unamtambua kila mwimbaji. Tulikubaliana kwamba waitikiaji warudishwe, na kwamba kishindo cha kitambaa kishike nafasi ya ngoma ya kompyuta katika dakika ya kwanza. Mtayarishaji, tulipompigia simu, alinung'unika kidogo kisha akakubali.

Saa 11 jioni nilipanga nyimbo. Kadiri sindano inavyokaribia katikati ya santuri, mfereji hupita chini yake kwa mwendo mdogo zaidi, na herufi za "s" huanza kukwaruza. Kwa sababu hiyo mwimbaji wa Lewis, mwenye maneno yaliyojaa "s", atafungua upande wa pili, na kipande cha kinubi kisicho na kelele kitaufunga. Besi zote niliziweka katikati, zisije zikairusha sindano.

Saa 3 usiku klabu moja ndogo ilituruhusu kujaribu upande wa kwanza kwenye spika zao kabla ya milango kufunguliwa. Wimbo wa fidla ulikuwa umeharakishwa hadi mapigo 128 kwa dakika, kasi ambayo mimi niliyekulia kwenye singeli ya Dar es Salaam, inayovuka 200, naiona kama matembezi. Muziki wa rili, yaani dansi ya asili ya Kiskoti, hugawanyika katika sehemu za mizani nane zinazorudiwa, na muziki wa klabu nao huhesabu kwa nane, kwa hiyo viwili hivi vilishikana bila kulazimishwa. Tatizo lilikuwa ngoma kuifunika fidla kila ilipopiga. Nilipunguza besi kidogo, nikaipandisha fidla desibeli mbili, na mpigaji wake, aliyesimama katikati ya ukumbi mtupu, akaomba desibeli moja zaidi. Nikampa. Kabla ya saa 6 usiku nilimtumia mchongaji upande wa kwanza. Upande wa pili unawasubiri waitikiaji.